Kichwamaji: Riwaya iliyogoma kutoa funzo

Kichwamaji imevuka nusu karne tangu ichapwe mwaka 1974. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alifariki Dar es Salaam Januari 9, 2020. Bado hatujakaa naye sawasawa.

Kabla yake riwaya ya Kiswahili ilijua inakoelekea. Kwa Shaaban Robert, mwema huteswa lakini haki hushinda. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepitia seminari ya Nyegezi, aliivunja ada hiyo. Riwaya yake Rosa Mistika (1971) ilipigwa marufuku shuleni, kisha ikaja kutahiniwa.

Kichwamaji ilikwenda mbali zaidi. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anasota nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya akitafuta kazi ya likizo. Mkuu huyo ni Manase, aliyecheza naye utotoni. Wengine wanaingia, yeye anaendelea kusubiri. Elimu imemtenga na kijiji, imani imemponyoka. Mtoto wake anazaliwa na kichwa kikubwa, anakufa. Kazimoto anajiua.

Hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Tanzania ilikuwa katikati ya Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na Azimio la Arusha lilikwishaeleza tunaishi kwa ajili ya nini. Wahakiki wa mrengo wa Kimarx walimshutumu kwa kukata tamaa: msomi anajiuaje wakati umma unajenga nchi? Kezilahabi hakulegeza kamba. Mwaka uliofuata alitoa Dunia Uwanja wa Fujo, ambamo Tumaini anakumbatia mali, siasa inampokonya shamba, naye anaua na kuhukumiwa kifo.

Mtafiti Alena Rettová, katika Afrophone Philosophies (2007), anazisoma riwaya hizi kama falsafa, sambamba na udhanaishi wa Ulaya. Nakubaliana naye. Wanaodai swali la maana ya maisha ni la Wazungu wausome upya ukurasa wa kwanza wa Kichwamaji. Ofisi ile tunaifahamu.

Baadaye zilikuja riwaya zake Nagona (1990) na Mzingile (1991), ngumu kama mafumbo, kisha miaka ya kufundisha Botswana.

Nyumbani, tumemfunga katika "fani na maudhui". Mtihani unadai dhamira, ujumbe, msimamo; mwanafunzi anaandika kwamba vijana waepuke uasherati, anapata alama zake. Riwaya iliyogoma kutoa funzo tumeilazimisha ihubiri. Ingetosha mwalimu mmoja aulize darasani: Kazimoto alikosea wapi, kama kweli alikosea? Kisha awaache wabishane bila kuwasahihisha.