Kondomu ikipasuka: uwezekano wa mimba ukoje?

Wengi waliojamiiana bila kinga, au ambao kondomu yao imepasuka, hujiuliza kwanza kama siku ile ilikuwa “salama”. Kalenda haitoi jibu la hakika. Yai likishatoka huishi kwa muda usiozidi saa 24, lakini mbegu za kiume zaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Tendo la Jumatatu laweza kuleta mimba itakayotungwa Ijumaa. Tena yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo, na tarehe ya hedhi ijayo hukisiwa tu.

Kwa hiyo lililo la haraka ni kuhesabu saa zilizopita. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba vidonge vya dharura vyaweza kumezwa hadi siku 5 baada ya tendo, ingawa mapema ni bora zaidi. Huchelewesha yai kutoka. Mimba iliyokwisha kutunga haviitoi. Kitanzi cha shaba kikiwekwa katika siku hizo 5 huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99.

Anayetumia efavirenz au rifampisini amweleze mhudumu wa afya, kwani dawa hizo hupunguza nguvu ya vidonge vya levonogestreli. Kipimo cha mimba huaminika wiki 3 baada ya tendo. Vidonge hivi havizuii VVU: dawa za kinga baada ya tendo zina muda wake, saa 72.