Gitaa la Ugenini

Hudhaniwa kwamba Wajapani, walipolipata gitaa la umeme, waliiga tu. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1960 Takeshi Terauchi alilipigia nyimbo za kienyeji za pande za Tsugaru, zilizozoewa kupigwa kwa shamiseni, chombo cha nyuzi tatu kipigwacho kwa kasi. Nazo ni ngumu mno kwa vidole.

Nasi twasingiziwa vivyo hivyo. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda Osaka mwaka 1970 pamoja na Morogoro Jazz kwenye Maonyesho ya Dunia, aliimba na kupiga solo yeye mwenyewe: sauti inyamazapo, gitaa hujibu, na hujibu (huwaambia hivi wanafunzi wangu) kwa Kiswahili. Kisiwani Juani nimemsikiliza kijana akiujaribu wimbo wake mmoja. Maneno aliyapata yote, vidole vikakwama.