Sahani ya Dereva na Sanduku Letu

Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu tumeona tusianze na hesabu za hisa. Tuanze na sahani ya ugali, maana wengi wetu hapa Mwankoko hisa zetu za kwanza zilitokana na kuwalisha madereva wa malori.

Zamani dereva hakutegemea hoteli. Barabara ya kutoka Dodoma kupitia Manyoni hadi Singida ilikuwa vumbi tupu, na masika tope. Kwa hiyo alisafiri na jiko lake. Kwenye boksi la lori, pamoja na jeki na spana, mlikuwa na sufuria, mwiko, unga, dagaa na maharage. Mpishi alikuwa utingo. Lori likiharibika, moto unawashwa kando ya barabara, ugali unasongwa, wanakula sinia moja.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari, unga na mafuta viliadimika nchini. Watu wakala unga wa yanga. Ni miaka hiyo ya 1980 ambapo kina mama wengi waliingia katika kuuza chakula. Sheria ya Nguvukazi ya 1983 ilipokuja, huko mijini wengi walihesabiwa kuwa wazururaji. Lakini mwenye njaa haulizi leseni. Yeye husema, "Mama, nitilie," na jina la mama ntilie likabaki.

Siye wa Singida tulikuwa na mtaji wetu: kuku wa kienyeji, vitunguu na mafuta ya alizeti. Tukatoka kijijini na kuku wetu hadi barabara kuu, tukajifunza matumbo ya watu. Wa alfajiri anataka supu na chapati. Wa mchana anaogopa usingizi, hivyo ugali wake usiwe mkubwa. Wa pwani anaulizia wali. Wa huku kwetu ukimpa mlenda amefika nyumbani. Mwislamu atauliza kwanza kuku kachinjwa na nani, ndiyo maana tunamwita jirani yetu Mwislamu atuchinjie, hadi leo.

Wengi walikula kwa daftari: "Mama, nitalipa nikirudi kutoka Kigali." Wapo waliorudi wakalipa hadi shilingi ya mwisho. Wapo ambao hatukuwaona tena.

Hatutaficha na lingine. Ukimwi ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983 na baadaye kuenea, kila mama aliyempakulia dereva alinyooshewa kidole. Wengine walikatazwa na waume zao, biashara ikafa. Na ni kweli tuliwazika wenzetu, tukasikia pia vifo vya madereva tuliozoea sauti zao. Watoto waliobaki walilelewa na bibi zao, na ada za shule zilitoka kwenye sufuria zilezile zilizosemwa vibaya.

Miaka ya 2000 lami ikaja. Tuliifurahia, lakini dereva aliyekuwa akilala Singida sasa anapita. Ana mtungi mdogo wa gesi, na chakula chake kimefungwa kwenye hotipoti. Sufuria zetu zikaanza kubaki na wali. Hapo ndipo tulipoona kwamba kila mmoja peke yake hatafika. Tukanunua sanduku, tukalitia kufuli tatu, na funguo zikashikwa na watu watatu.

Sharti letu moja mlijue, nyie mabinti mnaojiunga sasa: mkopo wa kikundi haulishi mteja wa daftari. Ukimpa mtu chakula kwa imani, kitoke kwenye faida yako, kisitoke kwenye hisa za wenzako. Sharti hilo halikuandikwa na mtaalamu. Liliandikwa na wale ambao hawakurudi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, nasi tumepona. Karibuni mezani.