Bapa la Mwinamo: Mashine Rahisi Isiyosogea

Bapa la mwinamo ni uso ulionyooka uliolazwa kwa pembe, ncha moja ikiwa juu na nyingine chini, ambao huwezesha mzigo kupandishwa kwa nguvu ndogo kuliko ile ambayo ingehitajika kuuinua wima. Siku hizi huhesabiwa miongoni mwa mashine rahisi sita, pamoja na wenzo, roda, gurudumu na ekseli, kabari na parafujo. Lakini Heroni wa Aleksandria, aliyeandika juu ya mashine hizo katika karne ya 1, alitaja tano tu na mwinamo hakuutia, pengine kwa kuwa ni vigumu kukiita mashine kitu ambacho chenyewe hakisogei.

Kwa Kiswahili dhana hii hutajwa mara nyingi kwa neno mteremko, ambalo ni fupi na linaeleweka na kila mtu, ila linatokana na kitenzi teremka, na hivyo huitazama njia kutoka juu, ilhali kazi kubwa ya mashine hii ni kupandisha. Msukuma mkokoteni anayeikabili njia hiyohiyo kutoka chini huiita mpando au mlima. Neno mwinamo, lililotokana na inama, halichukui upande wowote, na bapa ni neno la jometri la uso usio na mkunjo. Kwa hiyo istilahi ndefu ina uangalifu zaidi, ingawa hakuna sababu ya kumzuia mtu kusema mteremko pale ambapo maana haipotei.

Nguvu inayotiwa ili kuusogeza mzigo huitwa jitihada, na idadi ya mara ambazo mzigo huizidi jitihada huitwa manufaa ya kimakanika. Msuguano ukiwekwa kando, manufaa hayo ni sawa na urefu wa mwinamo ukigawanywa kwa kimo chake, kanuni ambayo Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, aliithibitisha mwaka 1586 kwa kufikiria mkufu wa tufe uliozungushwa juu ya pembetatu, ambao kwa akili ya kawaida hauwezi kujizungusha wenyewe milele. Mkokoteni uliobeba mitungi kumi ya maji ya lita 20, ukiwa na uzani wa takriban nyutoni 2400 pamoja na mbao na magurudumu yake, ukipandishwa kwenye mwinamo unaopanda mita 1 kwa kila mita 12 za njia, hudai jitihada ya nyutoni 200. Mwinamo ukiwa wa mita 1 kwa 6, jitihada huwa 400. Kazi, yaani nguvu mara umbali, haipungui hata chembe, kwa maana kinachookolewa katika nguvu hulipwa katika urefu wa njia, na ndiyo sababu msukuma mkokoteni aliyeelemewa huupandisha kwa kwenda upogo, huku na huku, akijirefushia njia kwa makusudi.

Mombasa ni mahali pafaapo kuichunguza kanuni hiyo, kwa kuwa bahari yake hubadilisha vipimo vya mwinamo kila siku, na wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa huweza kupita mita 3. Kwenye makutano ya Buxton, mahali barabara inapoelekea Nyali, jambo hili limesahaulika, kwa sababu daraja la zege la njia sita lililokamilika mwaka 1980 liko juu mno hata maji hayalihusu. Daraja lililolitangulia, la mwaka 1931, lilikuwa likielea juu ya maboya, na daraja la namna hiyo halina budi kuunganishwa na nchi kavu kwa vipande vyenye bawaba, ambavyo urefu wake haubadiliki huku kimo kikipanda na kushuka pamoja na maji. Kipande cha mita 30, kwa mfano, kikiwa na tofauti ya mita 1 kati ya ncha zake, hutoa manufaa ya 30. Tofauti ikifika mita 4, manufaa huanguka hadi 7.5, na gari lilelile hudai jitihada mara nne.

Kivuko cha Likoni, upande wa kusini wa kisiwa, hutenda kinyume. Huko gati lenyewe ni mwinamo wa zege uliozama majini, na feri huulaza mlango wake juu ya zege hilo popote maji yalipofika. Maji yakipwa, pembe hubaki ileile na jitihada hubaki ileile, ila njia ya kupanda huwa ndefu zaidi, na kwa hiyo kazi huongezeka. Anayesukuma mkokoteni hapo huchoshwa na urefu wa njia zaidi ya ukali wake, na tena sehemu iliyofunuliwa na maji huwa na utelezi, jambo linaloonyesha kwamba msuguano, ambao hesabu za darasani huufuta kwa urahisi, ndio unaoishika miguu ya mtu na magurudumu ya gari yasirudi nyuma.

Kushusha nako kuna hesabu yake. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilipoufikia ukingo wa Bonde la Ufa, wahandisi waliweka miinamo ya muda ambapo mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma, na katika sehemu kali zaidi yalipakiwa juu ya vibebeo vyenye sakafu iliyo sawa ili shehena isimwagike, hadi njia ya kudumu ilipokamilika.

Mwinamo ukizungushwa kwenye mcheduara hupatikana parafujo, ambayo jina lake ni la Kireno. Jeki ya parafujo yenye hatua ya milimita 5, ikizungushwa kwa mpini wa sentimita 20, ingekuwa na manufaa yapatayo 250 kama msuguano usingekuwapo. Msuguano hula zaidi ya nusu ya kazi inayotiwa, na ni kwa sababu hiyohiyo gari lililoinuliwa halishuki fundi anapouachia mpini.