Kutoka begani hadi kibindoni: safari ya silaha ndogo Rungwe

Bastola iliyolitoa boma la Tukuyu mikononi mwa Wajerumani ilikuwa na urefu wa sentimita 15 na uzito usiofika gramu 600. Haikuwahi kufika Rungwe. Ilifyatuliwa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 na Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, ikamuua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, pamoja na mkewe Sophie. Vita ikawaka Ulaya, na haikukawia kufika kwetu. Tarehe 13 Agosti boti ya Waingereza, Gwendolen, iliivamia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann pale Liuli, kwenye Ziwa Nyasa, ikiwa matengenezoni. Mwezi uliofuata kikosi kutoka Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo, kilivuka mto Songwe chini ya Kapteni von Langenn-Steinkeller kwenda kuipiga Karonga, kikarudishwa kwa hasara kubwa. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yakapanda kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaingia Tukuyu.

Bastola ya Princip, FN ya mwaka 1910, ilibuniwa na Mmarekani John Browning na kuundwa katika kiwanda cha FN, Ubelgiji. Ukiitazama kwa karibu unaona jinsi kila sehemu yake ilivyofikiriwa kwa ajili ya mfuko wa koti. Springi, ambayo katika bastola nyingine za Browning ilikaa juu au chini ya mtutu, hapa imezungushwa kwenye mtutu wenyewe, umbo zima likawa jembamba. Haina nyundo. Hata vilengeo vimelazwa ndani ya mfereji mdogo mgongoni mwa bastola, visije vikanasa kwenye kitambaa wakati wa kuichomoa. Nyuma ya mpini kuna kibano ambacho lazima kikamatwe barabara kiganjani ndipo silaha ikubali kufyatuka. Miaka minne kabla yake kiwanda hichohicho kilikuwa kimetoa bastola ndogo zaidi, ya risasi za milimita 6.35, yenye urefu wa sentimita 11 na ushei, iliyokusudiwa mfuko wa kizibao.

Browning alikuwa amempatia dawa mtu anayetaka kuwa na silaha bila jirani yake kujua. Kwa watu wa Rungwe hilo lilikuwa jambo geni, maana silaha kwao ilikuwa kitu cha kuonekana.

Mkuki wa Mnyakyusa, ambao chuma chake mara nyingi kilitoka kwa wahunzi wa Kikinga ng'ambo ya milima ya Livingstone, haukufichwa kibindoni. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja na kuishi humo hadi uzeeni, utaratibu ulioelezwa kwa kirefu na mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti hapa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930. Katika kijiji cha namna hiyo, chini ya malafyale, yaani chifu, mmoja, haikuwa rahisi mtu kumiliki silaha ambayo wenzake hawaijui.

Bunduki zenyewe zilikuja kwa njia ya pembe za ndovu na watumwa. Upande wa kaskazini Merere wa Usangu alikuwa akibadilishana pembe kwa bunduki na baruti. Upande wa kusini, kule Karonga, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyeitwa Mlozi alikuwa na watu wenye silaha za moto, akawapiga Wangonde, ndugu wa karibu wa Wanyakyusa kwa lugha na mila. Vita vyake na kampuni ya Waingereza ya African Lakes viliendelea kuanzia 1887 hadi 1889, na ndimo Frederick Lugard, aliyekuja kuvuma baadaye Uganda na Nigeria, alimojeruhiwa kwa risasi mwaka 1888. Mlozi alinyongwa Desemba 1895. Silaha zote hizo zilikuwa ndefu, za kubebwa begani, na nyingi zilishindiliwa baruti mdomoni mwa mtutu.

Wakubwa wa Ulaya nao walikuwa wameanza kuogopa bunduki walizoziuza wenyewe. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza silaha za kisasa katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Mwafrika aliachiwa gobore la jiwe la kiberiti na baruti ya kawaida, tena chini ya udhibiti. Msafiri kutoka nje aliweza kupata hati ya serikali yake kwamba silaha aliyonayo ni ya kujilinda binafsi. Wazo la kibali cha kujilinda, ambalo leo mfanyabiashara wa Tukuyu analifuata ofisi hadi ofisi, liliingia katika sehemu hii ya dunia likiwa limeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Nadhani ni vema tulijue hilo, kwa sababu dhuluma hiyo ndiyo inayofanya wengine wetu hadi leo waone udhibiti wa silaha kama mabaki ya ukoloni.

Mwaka 1897 Wanyakyusa walipojaribu kupambana na Wajerumani, mikuki na ngao havikufua dafu. Boma likahamishwa kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa hadi mlimani, na pale Masoko, kando ya ziwa lililozaliwa na volkeno, ikawekwa kambi ya Kampuni ya Tano ya jeshi la kikoloni. Jengo la mawe la kambi hiyo lilikuja kutumiwa kama mahakama. Wazee wa Masoko husimulia kwamba Wajerumani walipoona Northey anakaribia walizitupa mali zao ziwani. Vita ilipoanza, askari Waafrika wa makampuni mengi walikuwa bado wanatumia bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja, inayotoa moshi mzito unaomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Bastola ilikaa kiunoni mwa afisa wa Kizungu, ndani ya ala ya ngozi iliyo wazi kwa kila mtu, ikiwa alama ya cheo kama vile nyota za begani.

Chini ya Waingereza, na miaka mingi baada ya uhuru, bunduki iliyojulikana vijijini Rungwe ilibaki kuwa ya shambani: gobore au shotigani ya kufukuzia nguruwe mwitu na nyani kwenye mahindi. Gobore hutangaza lenyewe. Likilia Kiwira, bonde zima linajua, na moshi unaeleza limelia shamba la nani.

Bastola ya kificho ilijitangaza Afrika Mashariki kupitia Nairobi. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941 Lord Erroll, mlowezi maarufu na mtu wa serikali, alikutwa amekufa ndani ya gari lake karibu na njia panda ya Karen na Ngong, akiwa amepigwa risasi ya kaliba .32. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe kijana alikuwa na uhusiano na Erroll, alishitakiwa. Siku chache kabla alikuwa ameripoti polisi kwamba bastola zake mbili aina ya Colt zimeibwa. Kesi ikawa ya kusoma michirizi: mtutu wa bastola huchongwa mifereji ndani ili kuizungusha risasi, na mifereji hiyo huacha alama juu yake. Risasi iliyomuua Erroll ilikuwa na michirizi mitano inayopinda kulia. Colt huwa na sita, inayopinda kushoto. Wakili Harry Morris, aliyeletwa kutoka Johannesburg, aliikazania tofauti hiyo, na tarehe 1 Julai 1941 Broughton akaachiwa huru. Bastola yenyewe haikupatikana.

Tarehe 5 Julai 1969, mchana wa Jumamosi, Tom Mboya, waziri wa Kenya, alipigwa risasi katikati ya mji huohuo wa Nairobi akitoka duka la dawa. Mpigaji alitoweka katikati ya umati. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alikamatwa baadaye, na bastola aina ya Smith & Wesson ikapatikana nyumbani kwake. Mtu mwenye gobore asingeweza kufika barabara ile bila kuonekana.

Nasi tuna picha yetu. Machi 2017, siku Nape Nnauye alipoondolewa katika uwaziri wa habari, alikwenda hotelini Dar es Salaam kuzungumza na waandishi, akazuiwa. Mbele ya kamera nyingi mtu aliyevaa kiraia akachomoa bastola na kumwelekezea. Haikufyatuliwa. Waliotazama picha ile nchi nzima, hata huku Tukuyu, walishtushwa na silaha yenyewe, na pia na jinsi ilivyotoka kiunoni mwa mtu ambaye sekunde moja kabla alikuwa mmoja wa watu waliosimama pale.

Ufundi, wakati huo wote, ulikuwa unaendelea. Mwaka 1931 Wajerumani walitoa Walther PPK, iliyomwezesha mwenye nayo kuibeba ikiwa na risasi chemba huku nyundo imelala, kwa kuwa mvuto wa kwanza wa kifyatulio ni mrefu na mzito. Gaston Glock wa Austria alileta fremu ya plastiki ngumu mwaka 1982, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 kampuni yake ilikuwa na Glock 26, fupi ya kufichika chini ya shati. Mwaka 2018 ikaja SIG P365. Hii ina karibu urefu uleule wa bastola ya Princip, ni nyepesi kuliko hiyo, lakini magazini yake inabeba risasi 10 za milimita 9 zenye nguvu kubwa zaidi.

Anayeingia dukani na kuchagua iliyo ndogo kuliko zote kwa sababu ni rahisi kubeba, ananunua shida asizoziona. Risasi ileile ikipigwa na bastola nyepesi, teke lake mkononi huwa kali zaidi. Mpini mfupi unakiacha kidole cha mwisho hakina pa kushika. Vilengeo vikikaribiana, kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa mita kumi mbele. Wazoefu wa kufundisha kulenga shabaha husema mtu akapime kwanza kama anaweza kuishika barabara, kukivuta kifyatulio bila mtutu kuyumba, na kuirudisha kwenye ala bila kuangalia pengine. Bastola inayomuumiza mwenyewe haifanyiwi mazoezi, na isiyofanyiwa mazoezi ni hatari kwa waliomzunguka kuliko kwa jambazi.

Huku kwetu yapo na mengine. Rungwe hunyeshewa karibu mwaka mzima. Chuma kinachokaa kwenye jasho na unyevu chini ya koti zito la Juni kinashika kutu kikikosa kufutwa na kupakwa mafuta. Koti hilohilo linaloificha silaha ndilo linalochelewesha mkono. Ndani ya kosta ya kwenda Mbeya abiria wamebanana bega kwa bega, na ala laini isiyofunika kifyatulio ni ajali inayosubiri breki ya ghafla. Nyumbani kuna watoto. Bastola ya kuwekwa chini ya mto, hata iwe na vidude vingapi vya usalama, inafaa ipate kasha la chuma lenye kufuli kabla haijapata mwenyewe.

Sheria ya silaha ya 1991 ilichukua nafasi ya ile ya kikoloni, nayo ikafutwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Mwaka 2016 polisi waliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, kila mmiliki akapeleka silaha yake na karatasi zake. Miaka ya karibuni Wizara ya Mambo ya Ndani imekuwa pia ikitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Ila hatua ninayoithamini kuliko zote ni ya chini kabisa. Maombi ya raia huanzia kwenye kijiji au mtaa wake, ambako wanaomfahamu hukaa na kuandika muhtasari, kisha yanapanda kwenye kata na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya pale Tukuyu, chini ya Mkuu wa Wilaya, kabla ya kufika mkoani.

Wafanyabiashara huilalamikia hatua hiyo. Wanasema inachelewesha, na kwamba inatangaza kwa kijiji kizima kuwa fulani ana fedha na anatafuta mguu wa kuku. Lalamiko lina uzito. Mnunuzi wa parachichi au kakao aliyekuwa akishuka Kyela na furushi la noti alikuwa na sababu ya kuogopa njia. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 fedha nyingi ya mazao imehamia kwenye simu, na mtu ambaye baba yake angebeba noti anaweza leo kupita Uwanja wa Ndege, Igawilo na Kiwira mfukoni ana shilingi za nauli. Kabla ya kulinganisha bastola mbili aanze kwa kuuliza kama bado ana kitu cha kulindwa njiani.

Na akiona bado anacho, wajumbe wa kijiji wasiugonge muhuri ule kwa mazoea. Wao ndio wanaojua nani akilewa hupiga, nani ana kesi ya mpaka wa shamba na nduguye, nyumba ipi usiku hupigiwa kelele za kuomba msaada. Mkuu wa polisi wa wilaya hana faili lenye habari hizo. Bastola ikishaingia kiunoni jirani hataiona tena, na nafasi yake ya kuizungumzia ni siku ile moja, kabla karatasi haijapanda kwenda boma.