Nahodha Aliyepiga Makasia Kwenda Kwao

Jumapili ya mwisho ya Septemba 1959, uwanja wa Croke Park mjini Dublin ulijaa watu zaidi ya 80,000. Timu ya kaunti ya Kerry ilikuwa ikicheza na ile ya Galway fainali ya ubingwa wa Ayalandi wa mpira wa Kigaeli. Katika mchezo huo kila timu ina watu 15 na mikono inaruhusiwa. Wakati huo mpira ukiingia wavuni ulikuwa pointi tatu, ukipita juu ya mwamba wa goli ulikuwa moja. Kerry walishinda kwa pointi 16 dhidi ya 7.

Nahodha wao alikuwa Mick O'Connell, kijana wa miaka 22 kutoka Valentia, kisiwa kilicho pembe ya kusini-magharibi ya nchi. Goti lilimuuma, akatoka kabla ya mechi kwisha. Alikabidhiwa kombe la Sam Maguire, ndoto ya kila mtoto wa Kerry. Desturi ni timu bingwa kulala Dublin na kula karamu. O'Connell alipanda treni jioni ileile, na yasemekana kombe lilibaki katika chumba cha kubadilishia nguo. Treni ilipofika mwisho wa safari, akaingia mashuani na kuvuka mkono wa bahari kwa makasia yake mwenyewe.

Wapo walioita hayo majivuno. Mimi naona vingine. Valentia haikuwa na daraja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo kila alipokwenda mazoezini ilibidi kwanza avuke maji. Tena mchezo huu haukuwa na mshahara. Riziki yake aliipata kwenye kituo cha kebo za telegrafu kisiwani, mahali ambapo tangu 1866 nyaya zilizopita chini ya Atlantiki ziliunganisha Ulaya na Amerika.

Uwanjani alicheza kiungo. Mpira wa juu aliurukia, akaudaka kwa mikono miwili juu ya vichwa vya wenzake, akatua na kuupiga mbali kwa mguu wowote, kulia au kushoto. Alitwaa tena ubingwa mwaka 1962, 1969 na 1970.

Baadaye wako watu wa Kerry waliofikisha medali nane za ubingwa, mara mbili ya zake. Hata hivyo, mwaka 1984, chama cha michezo ya Kigaeli kilipotimiza miaka 100 na kikosi bora cha karne kikateuliwa, nafasi moja ya kiungo ilipewa O'Connell.