Saint-Boniface: ekipe ya wanafunzi iliyogeuka Mazembe

Mjini Bunia, ekipe mbili za vyuo zikiingia kiwanjani, dakika za kwanza watu hawaangalii mupira. Wanaangalia sura. "Ule namba tisa yuko promosyo gani?" Mwengine anajibu kwamba huyo alimuona juma iliyopita akichezea ekipe ya mtaa, na shule alimaliza zamani. Ubishi unaanza, na mara nyingi unadumu kuliko mchezo wenyewe.

Ubishi huo si wa Bunia peke yake, na si wa leo. Klabu kubwa kuliko zote katika inchi yetu, TP Mazembe, ilizaliwa shuleni, na ilitoka shuleni kwa sababu hiyo hiyo: wachezaji ambao hawakuwa wanafunzi.

Turudi mwaka wa 1939, katika muji wa Elisabethville, ambao leo tunauita Lubumbashi. Watawa wa Mtakatifu Benedikto walikuwa wanaongoza Institut Saint-Boniface. Kulikuwa vijana waliosoma pale bila kuelekea upadri, na watawa wakatafuta kazi ya kuwapa baada ya masomo. Wakaunda ekipe ya mupira, wakaiita Saint-Georges. Wakati ule Wazungu walikuwa na ligi yao, Waafrika yao, na Saint-Georges iliandikishwa moja kwa moja katika daraja ya kwanza ya ligi ya Waafrika. Msimu wake wa kwanza ilimaliza nafasi ya tatu.

Nafasi ya tatu inaonekana ni kitu kidogo kwa klabu iliyobeba Kombe la Afrika mara tano. Lakini tuifikirie vizuri. Hao ni vijana wa shule, na katika muji ule wa migodi na reli mupira ulikuwa pia wa wafanyakazi: mwaka ule ule wa 1939 ndipo ilianza Saint-Éloi, ekipe ya watu wa reli, ambayo leo ni Lupopo. Mtu wa reli ana mshahara, ana miguu ya mtu mzima, na hana mtihani. Kwa maoni yetu, msimu ule wa watoto wa Saint-Boniface unastahili kukumbukwa kama makombe yaliyofuata, juu ni msimu wa wanafunzi wa kweli.

Mwaka wa 1944 jina likabadilishwa, ikawa Saint-Paul. Miaka kidogo baadaye wakaingizwa wachezaji kutoka inje ya shule. Watawa walipoona ekipe si ya wanafunzi tena, wakaacha kuiongoza. Hawakuivunja, waliiacha iende. Ikapata jina la FC Englebert, kutokana na kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza mipira ya magari. Kutoka mtakatifu mpaka pneu! Baadaye likaongezwa lile neno "Tout Puissant", yaani mwenye nguvu zote.

Na nguvu zilionekana. Mwaka wa 1966 Englebert ilibeba ubingwa wa taifa, Kombe la Congo na Kombe la Katanga, yote matatu. Mwaka wa 1967 ikafika fainali ya klabu bingwa za Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana: 1-1 kule Kumasi, 2-2 Kinshasa. (Mwaka ule ule Bukavu ilikuwa imeangukia mikononi mwa mamluki wa kweli, wale wa Schramme; wazee wa Kivu hawajasahau.) Ikapangwa mechi ya kuamua huko Kamerun. Kotoko hawakufika, na kombe likapewa Englebert. Wako waliosema ni kombe la mezani. Katika kombe la 1968 Englebert wakajibu kwa kuifunga Étoile Filante ya Togo 5-0 nyumbani. Kule Lomé walipoteza 4-1, lakini hesabu iliwatosha. Ikawa klabu ya kwanza Afrika kubeba kombe hilo miaka miwili kwa mfululizo. Fainali za 1969 na 1970 walipoteza zote mbili, na ile ya 1970 ni Kotoko hao hao waliokuja kulipiza Kinshasa.

Timu ya taifa nayo ilifaidika. Januari 1968, kule Addis Ababa, Congo ilipiga Ghana 1-0 na kubeba Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Bao lilifungwa na Pierre Kalala, mchezaji wa Englebert.

Habari za baadaye wengi wanazijua: jina la Mazembe wakati wa Mobutu, makombe ya Afrika ya 2009, 2010 na 2015, na ile fainali ya dunia ya Desemba 2010 kule Abu Dhabi, waliyopoteza 3-0 mbele ya Inter ya Milano.

Sasa, kwa vyuo vyetu vya Ituri, kama vile UNIBU, Shalom, ISP ao ISTM, historia hii inauliza nini? Mupira wa Congo unapanda kwa ngazi: entente ya muji, ligi ya jimbo, halafu mashindano ya taifa, yote chini ya FECOFA. Chuo kinachotaka kupanda ngazi hiyo kinakutana na klabu za watu wazima, sawa vile Saint-Georges. Msimu wa klabu haungojei mitihani. Mwanafunzi anamaliza masomo na kuondoka, nafasi yake inabaki wazi. Na hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo Elisabethville haikulijua: tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya hali ya dharura, na hata wakati risasi zimenyamaza muji mzima, mwalimu wa ekipe anafikiri mara mbili kabla ya kupeleka vijana ishirini barabarani kwa mechi ya inje ya Bunia.

Ndiyo maana kishawishi cha kukodi mchezaji ni kikubwa. Hatusemi ni zambi. Bila wageni wale, pengine hakuna Mazembe. Lakini wakubwa wa chuo waseme mapema, mbele ya msimu kuanza, wanataka kipi: klabu inayobeba jina la chuo, ao ekipe ya wanafunzi. Watawa wa Saint-Boniface walijua walichotaka, na kilipopotea walitoka bila kelele. Lupopo mpaka leo inaandikwa Saint-Éloi. Mazembe haina tena mtakatifu katika jina lake.